Uzi: Tarehe 11 Desemba 1963, Mombasa ilikuwa nchi ya nani?

#1 KongoweaKuu
Salaam wadau. Kila ikifika 12 Desemba tunaambiwa mambo mawili: uhuru 1963, jamhuri 1964. Sawa. Lakini ukiwa Mombasa tarehe hiyo ina ufa ambao vitabu vya shule huuruka kama dimbwi.

Mombasa haikuwa koloni. Kwa mkataba wa 14 Desemba 1895 ukanda wa pwani ulibaki milki ya Sultani wa Zanzibar, Mwingereza akawa msimamizi anayelipa kodi. Bendera nyekundu ya Sultani ikapepea Ngomeni (Fort Jesus) miaka yote hiyo. Sasa tazameni mpangilio. Zanzibar ilipata uhuru 10 Desemba 1963, Kenya ikapata 12 Desemba. Katikati ipo Jumatano, tarehe 11. Mtu aliyetoka Kibokoni asubuhi hiyo akaenda Marikiti kununua samaki, alikuwa akitembea katika nchi ya nani?

Mimi nasema nchi ya Sultani, na Sultani mwenyewe siku hiyo hakuwa tena chini ya Mwingereza. Anayepinga alete hoja, hasira aziache nyumbani.

#2 NahodhaMstaafu
Nimetandika jamvi. Kahawa iko wapi?

#3 BiKibokoni
Hilo lilimalizwa London miezi miwili kabla. Hatua zilikuwa tatu. 1961 Sir James Robertson alitumwa kusikiliza watu wa Mwambao, akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Tarehe 5 Oktoba 1963 Kenyatta na Mohammed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, wakaandikiana barua za ahadi. Tarehe 8 Oktoba mkataba wenyewe ukatiwa saini. Baada ya hapo Sultani hakuwa na lake Mombasa isipokuwa jina.

#4 KongoweaKuu
Bi Kibokoni, hapo umenijengea hoja mimi. Mkataba wa 8 Oktoba haukusema ukanda umetoka. Ulisema utakoma kuwa sehemu ya milki ya Sultani siku Kenya itakapokuwa huru. Mtu akikuuzia nyumba Oktoba mkaandikiana kwamba utahamia Desemba, Novemba yote nyumba ni ya nani?

#5 BiKibokoni
Ni ya aliyeuza, ila hawezi tena kuiuza kwa mwingine. Hiyo si milki kamili, ni kushika ufunguo tu. Na ufunguo wenyewe hakuushika yeye, aliushika Mwingereza.

#6 MpimaMipaka
Kabla hamjaendelea, tupime kwanza hicho mnachogombania. Watu husema "maili kumi" halafu wanachora kilomita 16. Makubaliano ya 1886 kati ya Uingereza na Ujerumani yalizungumzia maili za baharini. Moja ni mita 1,852, kwa hiyo kumi ni kilomita 18 na nusu. Tofauti ya kilomita mbili na nusu kutoka Vanga hadi Kipini ni ardhi ya vijiji na vijiji.

Kosa la pili ni mahali pa kuanzia. Kipimo huanza pale maji yanapojaa. Ukiwa Diani ni rahisi, ufuo umenyooka. Ukiwa Mombasa, maji yanajaa wapi? Ufuo wa nje wa Nyali, au ndani kabisa ya hori ya Tudor? Ukianzia ndani ya hori mstari unasogea bara sana. Ndiyo maana ramani mbili za ukanda huo huo hazilingani, na kila mwenye ramani anaapa yake ndiyo sahihi.

Na majina: tangu 1920 nchi ilikuwa mbili, Koloni ya Kenya na Himaya ya Kenya. Himaya ndiyo huu ukanda pamoja na visiwa vya Lamu. Sheria ya uhuru iliyopitishwa na bunge la Uingereza 1963 ilizitaja zote mbili, ikasema kuanzia 12 Desemba zitakuwa kitu kimoja kiitwacho Kenya. Isingehitajika kuzitaja mbili kama zilikuwa moja.

#7 KaratasiNaWino
Mleta uzi umeandika "msimamizi anayelipa kodi". Naongeza hesabu, kwa sababu inakosewa kila mwaka. Mwingereza alikuwa akitoa pauni 17,000 kwa mwaka, lakini si zote zilikuwa kodi. Kodi ya ukanda ilikuwa pauni 11,000. Zile 6,000 zilikuwa riba ya asilimia 3 juu ya deni la pauni 200,000.

Deni lilitoka wapi? Mjerumani alimlipa Sultani fidia alipochukua pwani ya Tanganyika. Fedha hizo Mwingereza akazitumia kuinunua kampuni ya Mackinnon, iliyoushika ukanda kabla yake, itoke Afrika Mashariki. Bei ya kampuni ilikuwa pauni 250,000, na 200,000 kati yake ni za Zanzibar. Yaani Sultani alikopesha fedha zake mwenyewe zitumike kumtoa mpangaji mmoja, aingie mpangaji mwingine.

#8 MtaniWaMvita
Pauni 17,000 kwa Vanga, Mombasa, Malindi na Lamu kwa jumla! Leo ukizipeleka Nyali kutafuta ploti, dalali atakuuliza kama hiyo ni pesa ya kumwona tu.

#9 MwanaNgome
Mbona hamtaji 12 Desemba iliyo kubwa kuliko zote? 1698, Waomani waliiteka Fort Jesus. Miaka 265 kamili baadaye ndiyo uhuru. Mimi siamini ni bahati. Kuna mtu aliichagua makusudi.

#10 MwalimuWaMiandamo
MwanaNgome, polepole. Tarehe inayoandikwa ni 13 Desemba 1698. Mzingiro ulianza 13 Machi 1696, ukaisha 13 Desemba 1698, miezi 33 juu ya siku. Aliyeichagua 1963 hakuitazama Ngome.

Lakini kosa lako lina sababu, na sababu yenyewe ni tamu. Kwa hesabu yetu siku huanza magharibi. Ukisema "usiku wa Jumamosi" mzee wa Mji wa Kale anaelewa usiku wa kuamkia Jumamosi, yaani ule ambao wenzetu wa bara wanauita Ijumaa usiku. Jambo lililotokea saa nne usiku mmoja ataliandika tarehe 12, mwingine 13, na wote wawili ni wakweli.

#11 MwanaNgome
Na kalenda? Si walibadilisha kalenda huko Ulaya wakaruka siku kumi?

#12 MwalimuWaMiandamo
Walibadilisha, ila si wote pamoja. Ureno ilihamia kalenda mpya 1582, kwa hiyo kitabu cha Mreno cha 1698 hakihitaji kurekebishwa. Uingereza ilichelewa hadi 1752. Baharia Mwingereza wa 1698 angeandika 3 Desemba kwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo ukikuta tarehe ya zamani, uliza kwanza: aliyeandika ni nani?

Kwa upande wetu hesabu ni hii, mtu yeyote aweza kuirudia. Mwaka wa Hijria ni 1110. Zidisha kwa 0.970224, unapata 1076.95. Ongeza 621.58, unapata 1698.53. Hiyo desimali ya .53 maana yake Muharram ilianza mwaka wa Kizungu umepita nusu kidogo, yaani karibu 10 Julai 1698. Kutoka hapo hesabu miezi mitano, 30, 29, 30, 29, 30, jumla siku 148. Unaangukia 5 Desemba. Hiyo ni mosi ya Jumada al-Akhir, ambayo sisi tunaiita Mfunguo Tisa. Basi 13 Desemba ni siku ya tisa ya Mfunguo Tisa.

Panapoharibika ni pawili. Kwanza mwandamo: hesabu haioni mawingu, kwa hiyo acha nafasi ya siku moja mbele au nyuma. Pili ni hilo la magharibi. Makosa mawili yakikutana unapata tofauti ya siku mbili, na hapo ndipo watu huanza kutukanana mitandaoni.

#13 NahodhaMstaafu
Mwalimu, umenifurahisha: tisa ya Mfunguo Tisa.

Lakini mnatafuta siri ya Desemba kwenye karatasi, na mimi nawaambia itafuteni kwenye upepo. Kaskazi huanza kushika Novemba, ikifika Desemba imekaza. Jahazi la Maskati haliji Mombasa Julai, litapambana na kusi njia nzima. Linakuja na kaskazi. Na meli za Goa pia zinakuja na kaskazi hiyo hiyo. Ndiyo maana mwisho wa mzingiro ulikuwa mashindano: nani atafikisha watu kwanza. Meli za msaada za Wareno zilifika Mombasa siku chache baada ya Ngome kuanguka, zikakuta bendera si yao, zikageuka. Wangefika wiki moja mapema, hadithi ingekuwa nyingine. Upepo ni mmoja, uliwaleta adui wawili kwa foleni.

#14 MtaniWaMvita
Na Prince Philip naye 1963 alikuja na kaskazi?

#15 NahodhaMstaafu
Yeye alikuja na ndege, na uhuru wake alikwenda kuutoa Nairobi. Wewe nawe.

#16 KaratasiNaWino
Upepo unaeleza 1698 vizuri, hauelezi 1963. Hapo angalieni kalenda ya siasa. Juni 5, 1963 Nyerere, Obote na Kenyatta walitangaza nia ya kuunda Shirikisho la Afrika Mashariki kabla mwaka haujaisha. Kenya ilibidi iwe huru mapema ili iingie. Juu ya hilo, Umoja wa Mataifa ulikuwa katika kikao chake cha mwaka. Zanzibar ikawa huru tarehe 10, Kenya 12, na zote mbili zikapokewa uanachama siku moja, 16 Desemba. Shirikisho halikutokea. Tarehe ikabaki.

#17 BiKibokoni
Kama sababu ni Umoja wa Mataifa, mbona zisiwe huru siku moja? Kwa nini Zanzibar itangulie kwa siku mbili? Nionavyo, ilipangwa hivyo ili Sultani awe mkuu wa nchi huru *anapotoa*, isije ikasemwa alinyang'anywa akiwa chini ya ulinzi. Kinachotolewa na mtu huru kina uzito zaidi.

#18 KongoweaKuu
Ndiyo! Na ili atoe tarehe 12, lazima awe nacho tarehe 11. Bi Kibokoni, karibu upande wangu.

#19 BiKibokoni
Sijahama. Nimesogea tu kutazama.

#20 KaratasiNaWino
Mimi nakataa #17. Saini ziliwekwa Oktoba, Zanzibar ikiwa bado chini ya ulinzi. Kama lengo lilikuwa uzito wa mtu huru, wangesubiri atie saini tarehe 11 Desemba. Siku mbili zile ni ratiba ya wageni tu: mwakilishi mmoja wa Malkia hawezi kuwa Unguja na Nairobi usiku mmoja. Philip alianza Unguja, kisha Nairobi.

#21 MtuWaMajimbo
Nyote mmeng'ang'ania 1963. 12 Desemba iliyobadilisha maisha ya Mombasa ni ya 1964.

Katiba ya uhuru ilikuwa ya majimbo. Pwani ilikuwa na bunge lake la mkoa, Ronald Ngala akiwa rais wake. Baadhi ya waliokuwa wakidai Mwambao ujitenge walitulizwa na hilo: kama hatupati nchi, tunapata jimbo. Novemba 1964 KADU, chama cha Ngala, ikajivunja, wabunge wake wakavuka upande wa serikali, serikali ikapata kura za kubadilisha katiba bila kura ya maoni. Tarehe 12 Desemba 1964 ikaja jamhuri, majimbo yakaanza kuvuliwa nguo moja moja. Kwa hiyo mkitaka kujua Mombasa ilijitawala lini, ilijitawala mwaka mmoja, kutoka Desemba hadi Desemba.

#22 MwalimuWaMiandamo
Na kuchagua tarehe ile ile kwa jamhuri haikuwa siri ya Kenya. Ilikuwa desturi ya wakati ule. Tanganyika: uhuru 9 Desemba 1961, jamhuri 9 Desemba 1962. Uganda: uhuru 9 Oktoba 1962, ikapata rais wake 9 Oktoba 1963. Naijeria: 1 Oktoba 1960, jamhuri 1 Oktoba 1963. Sikukuu moja, gwaride moja, gharama moja. Ghana ndiyo iliyokataa mtindo: uhuru 6 Machi, jamhuri 1 Julai.

#23 MtaniWaMvita
Kumbe ni kama kuunganisha harusi na arubaini ili kuokoa pilau.

#24 MwanaNgome
Astaghfirullahi. Lakini nimecheka.

#25 HatiYaZamani
Narudi kwenye barua za 5 Oktoba alizozitaja dada #3, maana watu huzitaja bila kusema zina nini. Ahadi kubwa ni tano: uhuru wa dini, mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi wengine kulindwa, maofisa wa utawala katika sehemu zenye Waislamu wengi wawe Waislamu kadiri inavyowezekana, ruzuku za shule za msingi za Waislamu kuendelea, kwa ajili ya kufundisha Kiarabu, na hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa kutambuliwa.

Hiyo ya tano ndiyo mwiba. Neno ni "zilizokwisha kusajiliwa". Usajili ulianza na sheria ya hati za ardhi ya 1908, iliyohusu ukanda huu. Utaratibu: mwenye kudai alipeleka dai lake kwa msajili, akaleta hati na mashahidi, pakasikilizwa, akikubaliwa anapewa cheti cha umiliki. Ardhi isiyodaiwa na mtu ikahesabiwa ya serikali. Sasa pima nani aliweza kudai. Aliyekuwa na karatasi ya kadhi na aliyejua mlango wa ofisi. Mmijikenda ambaye ardhi yake ni ya mbari nzima, mpaka wake ni mbuyu na kaya (msitu wa jadi), hakuwa na karatasi ya kuleta na dai la watu mia halikuwa na nafasi kwenye fomu. 1963 ikaja ikasema: yaliyosajiliwa yabaki. Kwa hiyo ukimuuliza skwota wa Kilifi siku ya uhuru tulijitoa kwa nani, jibu lake halitakuwa Mwingereza wala Sultani. Atakuuliza kwani tulitoka?

#26 MpimaMipaka
Hapo umefika penyewe. Naongeza tu: cheti cha wakati ule lazima kisomwe pamoja na ramani yake ya upimaji. Cheti peke yake hukuambia ekari, hakikuambii mawe ya mpaka yako wapi. Jiwe likishafukiwa na mchanga au kuhamishwa, una karatasi safi ya shamba lisilojulikana linaanzia wapi.

#27 BiKibokoni
Ahadi ya makadhi angalau ilishika. Imo katika katiba ya 2010, kifungu cha 170. Kadhi Mkuu na makadhi wasiopungua watatu, kesi za hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, wenye kesi wote wawe Waislamu na wakubali kuhukumiwa hapo. Ya maliwali na mamudiri, wale maofisa Waislamu wa utawala, ilizikwa kimya kimya.

#28 FundiCherehani
Samahani kwa kuingilia na jambo dogo. #1 umesema bendera nyekundu ilipepea Ngomeni. Ikiwa Zanzibar ilikuwa huru tangu tarehe 10, bendera yake mpya ilikuwa nyekundu yenye duara la kijani na karafuu mbili za manjano. Basi tarehe 11 Ngomeni palipepea ipi? Nyekundu tupu au ya karafuu?

#29 KongoweaKuu
Wallahi hilo ni swali! Nyekundu tupu, nionavyo. Bendera ya himaya ilikuwa ya Sultani kama mwenye milki. Ya karafuu ilikuwa ya taifa la Zanzibar, na Mombasa haikuwa taifa la Zanzibar.

#30 KaratasiNaWino
Basi umejipiga mwenyewe! Ukitenga Sultani na taifa la Zanzibar, uhuru wa tarehe 10 ulikuwa wa taifa, haukugusa Mombasa hata kidogo. Ukanda ulibaki chini ya mkataba wa 1895 mpaka saa sita usiku wa kuamkia 12.

#31 KongoweaKuu
Mkataba wa 1895 ulikuwa na nani? Na Sultani. Sultani yupi tarehe 11? Jamshid bin Abdullah, mkuu wa nchi huru. Sijapigika.

#32 FundiCherehani
Na mkishamaliza, wanaoshona bendera za Kenya za 12 Desemba wasikosee tena vipimo. Mistari haigawanywi kwa macho. Ni 6, 1, 6, 1, 6, jumla sehemu 20, na urefu kwa upana ni 3 kwa 2. Ukitaka upana wa sentimita 100: nyeusi 30, nyeupe 5, nyekundu 30, nyeupe 5, kijani 30. Urefu 150. Kosa la kila mwaka ni nyeupe. Mtu anakata utepe wa 5, anaukunja pande zote mbili kwa mshono, unabaki 3, bendera inaonekana haina nyeupe. Kata 7. Na kitambaa chekundu cha bei rahisi usikitundike kwenye jua la Mombasa, kwa mwezi mmoja kitakuwa waridi.

#33 MtaniWaMvita
Labda ndiyo sababu walimwondoa Sultani, bendera ilishapauka.

#34 MtuWaMajimbo
Cheka, lakini fikiri hili. 12 Januari 1964, mwezi mmoja kamili baada ya uhuru wa Kenya, yalitokea mapinduzi Zanzibar na Sultani akaondoka. Tuseme uhuru wa Kenya ungechelewa wiki sita tu. Ukanda ungekuwa bado milki ya Sultani asiye na kiti. Nani angeurithi? Baraza la Mapinduzi lingekuja Mombasa kudai kodi?

#35 HatiYaZamani
Wangeanza kwa kudai zile riba za 6,000.

#36 BiKibokoni
Tumrudie mtu wa #1 aliyekwenda Marikiti. Tumeacha kumuuliza alilipa kwa fedha gani. Tukijua fedha tutajua nchi.

#37 KaratasiNaWino
Hutajua. Alilipa shilingi ya Afrika Mashariki, na shilingi hiyo hiyo ilikuwa ikitumika Unguja tangu 1936. Nairobi, Kampala, Dar, Unguja, Mombasa, fedha moja. Mfuko wake hausemi kitu.

Stempu ndizo zinasema. Zanzibar ilikuwa na stempu zake, ikatoa mpya za uhuru tarehe 10. Mombasa ilitumia zile za Kenya, Uganda na Tanganyika, na Kenya ikatoa zake 12 Desemba. Kwa hiyo barua iliyotiwa posta Mombasa tarehe 11 ilibandikwa stempu ya Malkia. Hiyo ndiyo shahidi yangu.

#38 KongoweaKuu
Stempu ni ya msimamizi wa nyumba, bwana. Mwenye nyumba habandiki stempu.

#39 NahodhaMstaafu
Na samaki je? Desemba, kaskazi imeanza, aliyekwenda Marikiti asubuhi ile alirudi na nguru au jodari. Hilo mnaweza kuliandika bila ubishi.

#40 MwanaNgome
Jodari. Nguru walikuwa ghali.

#41 MtaniWaMvita
Ghali kwa shilingi ya nani?